Kanuni Kwanza, Chati Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kutumia TradingView kwa Nidhamu

Kwa kawaida, Ijumaa ya kwanza ya mwezi Marekani hutangaza takwimu zake za ajira. Majira ya kiangazi chao tangazo hilo hutufikia Afrika Mashariki saa tisa na nusu alasiri. Majira ya baridi, saa kumi na nusu. Ijumaa moja ya namna hiyo nilikuwa nimenunua yuro dhidi ya dola, na stopu yangu, yaani oda ya kunitoa bei ikifika kiwango cha hasara nilichokubali, ilikuwa mahali pake. Takwimu zilipotoka bei ikaanza kuporomoka kuifuata stopu, nami nikaisogeza chini. Ikakaribia tena, nikaisogeza tena. Kufikia magharibi nilikuwa nimepoteza mara tatu ya kiasi nilichokubali asubuhi kwamba nikikipoteza nitalala usingizi.

Kesho yake niliifungua chati ile na kuhesabu viashiria saba juu yake. Hapakuwa na hata mstari mmoja uliosema nitaingia lini, nitatoka lini, na kwa kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa kuiandika mistari hiyo na kuifanya programu ikusimamie. Natumia TradingView, programu ya kuchora chati za bei, kwa sababu inafunguka kwenye kivinjari chochote na ina mpango wa bure. Anayetumia MetaTrader 5, programu ambayo madalali wengi huwapa wateja wao, atafuata mantiki ileile, vitufe tu ndivyo tofauti. Mfano wangu ni EUR/USD kwenye chati ya siku. Kabla hujaendelea, ujue kwamba mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi kwenye biashara ya aina hii hupoteza pesa. Usiingize ada ya shule ya mtoto wala mtaji wa duka.

Hatua ya kwanza: andika kanuni kwenye karatasi

Usifungue programu bado. Chukua daftari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Chicago, Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt walibishana kama biashara ya masoko inaweza kufundishwa au ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Dennis akachukua watu wasio na uzoefu, akawafundisha kanuni kwa wiki chache, akawapa mtaji. Waliitwa Turtles, yaani Kasa, na kadhaa kati yao walifanikiwa sana. Kanuni zao zinaenea kwenye ukurasa mmoja, na ndizo ninazozitumia hapa kwa umbo lililorahisishwa:

1. Nanunua bei ya siku inapofunga juu ya kilele cha siku 20 zilizopita.
2. Stopu inakaa umbali wa mara mbili ya wastani wa mwendo wa siku, yaani ATR ya siku 20, chini ya bei ya kuingilia.
3. Natoka bei inapofunga chini ya bei ya chini kabisa ya siku 10 zilizopita, au stopu ikiguswa, lolote litakalotangulia.
4. Kwa kila biashara nahatarisha asilimia 1 ya akaunti. Haizidi.

Kwa upande wa kuuza, geuza kila kitu. Ukitaka kanuni nyingine, tumia nyingine, mradi ipite mtihani huu: mpe ndugu yako asiyejua lolote kuhusu masoko, muonyeshe chati, muulize kama leo tunanunua au hatununui. Jibu lake likitofautiana na lako, bado hujaandika kanuni. “Bei ikionekana ina nguvu” si kanuni. “Bei ikifunga juu ya kilele cha siku 20” ni kanuni, kwa sababu haimtegemei anayeitazama.

Hatua ya pili: panga chati yako, kisha usiiguse

Anza na saa. Chini ya chati, upande wa kulia, bonyeza palipoandikwa UTC na uchague Nairobi. Hapa wengi huteleza, maana chati husoma saa 24 na sisi tunasoma saa ya Kiswahili. Siku ya soko la fedha za kigeni hufungwa saa 17:00 ya New York. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba hiyo ni 00:00 kwetu, saa sita kamili usiku. Miezi iliyobaki ni 01:00, saa saba usiku. Iandike ndani ya jalada la daftari, kwa sababu kanuni yetu inasema “inapofunga,” na mshumaa, yaani mchoro wa bei ya siku moja, ambao haujafungwa haujasema kitu.

Kama utatekeleza kwa dalali mwenye MetaTrader, hesabu mishumaa ya siku kwenye wiki moja ya chati yake. Lazima iwe mitano. Ukikuta sita, mmoja mdogo wa Jumapili, saa ya seva yake haiendani na kufungwa kwa New York. Siku 20 zake si siku 20 zako, na ishara zitatofautiana.

Kisha fungua orodha ya vipindi vya muda uondoe nyota kwenye dakika 1, dakika 5, dakika 15 na saa 1. Bakiza siku na wiki. Sababu ni ya hesabu. Tuseme spredi ya dalali wako, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni pipu 1.5 (pipu 1 ni 0.0001 ya bei), na EUR/USD inatembea pipu 70 kwa siku. Spredi hiyo ni kama asilimia 2 ya mwendo wa siku. Kwenye mshumaa wa dakika 5 unaotembea pipu 6, spredi ileile imekula robo nzima ya mwendo. Anayeanza na chati ya dakika 5 anapanda mlima akiwa na gunia la mchanga mgongoni.

Mishumaa iwe ya rangi mbili, mandhari tupu. Hifadhi mpangilio huo kwa jina moja.

Hatua ya tatu: weka kanuni ndani ya programu

Kiashiria kinachoonyesha vilele na mabonde ya siku zilizopita kipo tayari, kinaitwa Donchian Channels, kwa jina la Richard Donchian. Lakini ukikiweka kama kilivyo kitakudanganya. Kinauhesabu mshumaa wa leo ndani ya zile siku 20, kwa hiyo bei ikipanda, mstari wa juu unapanda nayo, na bei haiwezi kufunga juu yake kamwe. Ingia kwenye mipangilio, pale penye Offset badilisha 0 iwe 1. Sasa mstari unaonyesha kilele cha siku 20 *kabla* ya leo. Nimewaona watu wakikaa miezi wakisubiri ishara ambayo haingeweza kutokea kwa sababu ya namba hiyo moja.

Mpango wa bure unaruhusu viashiria vichache tu kwa chati, nasi tunahitaji mistari miwili na ATR. Njia nzuri ni kuviweka vyote kwenye hati moja fupi. Fungua Pine Editor, sehemu ya TradingView ya kuandikia hati, futa kilichomo, bandika hii:

```
//@version=5
strategy("Kanuni 20-10", overlay=true, initial_capital=1500)
juu = ta.highest(high, 20)[1]
chini = ta.lowest(low, 10)[1]
wastani = ta.atr(20)
var float kinga = na
if close > juu and strategy.position_size == 0
    kinga := close - 2 * wastani
    strategy.entry("Nunua", strategy.long, qty = strategy.equity * 0.01 / (2 * wastani))
if close < chini
    strategy.close("Nunua")
strategy.exit("Kinga", "Nunua", stop = kinga)
plot(juu)
plot(chini)
```

Isome polepole hata kama hujawahi kuandika programu. *juu* ni kilele cha siku 20, na ile [1] ndiyo inayomtoa mshumaa wa leo kwenye hesabu. *chini* ni bonde la siku 10. *kinga* ni stopu, na hupangwa mara moja tu, wakati wa kuingia. Hakuna mstari wowote unaoishusha. Nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari ya ndani zina maana, usizifute. Hifadhi, kisha iongeze kwenye chati.

Hatua ya nne: hesabu ya kiasi, ambayo ndiyo moyo wa kazi

Wengi hujifunza kuingia, wachache hujifunza kiasi gani waingie nacho. Fuata mfano huu ukiwa na kalamu.

Akaunti ina dola 1,500. Asilimia 1 ni dola 15. Bei imefunga 1.0912, juu ya kilele cha siku 20 kilichokuwa 1.0900. ATR ni 0.0070, yaani pipu 70. Mara mbili ni 0.0140. Stopu inakaa 1.0772. Sasa gawanya: 15 kwa 0.0140 ni yuro 1,071. Dalali hupima kiasi kwa loti, na loti 0.01 ni yuro 1,000, kwa hiyo unaingia na loti 0.01, na stopu ikiguswa unapoteza dola 14.

Rudia hesabu hiyo kwa akaunti ya dola 100. Loti 0.01 ndiyo ndogo kabisa kwenye akaunti ya kawaida, hasara ni dola 14 zilezile, na sasa ni asilimia 14 ya akaunti. Umevunja kanuni ya nne kabla hujaanza.

Dhahabu, ambayo vijana wengi wa kwetu wanaipenda, ni kali zaidi. Loti 0.01 ya dhahabu ni wakia 1. Tuseme ATR yake ni dola 40. Umbali wa stopu ni dola 80, na loti hiyo ndogo ikigonga stopu unapoteza dola 80. Ili dola 80 iwe asilimia 1, unahitaji akaunti ya dola 8,000. Mwenye dola 200 anayenunua dhahabu kwa stopu ya dola 5 anakaa katikati ya kelele za kawaida za siku, na kelele hizo zitamtoa karibu kila mara, hata mwelekeo ukiwa wake.

Mwenye mtaji mdogo ana njia tatu za kweli: akaunti ya senti, ambako loti 0.01 ni yuro 10 badala ya 1,000. Kuendelea na akaunti ya majaribio huku akiweka akiba. Au kununua hisa bila mkopo, nitakayoigusa chini. Kupanua levereji, yaani mkopo wa dalali, si njia. Levereji inakuruhusu kufungua biashara kubwa, haipunguzi hata senti moja ya hasara yake.

Kwa nini asilimia 1? Hasara kumi mfululizo kwa asilimia 1 zinakuachia kama asilimia 90 ya akaunti. Kwa asilimia 10, hasara kumi zinakuachia asilimia 35, na ili urudi ulipoanza unahitaji faida ya karibu asilimia 187. Na hasara mfululizo zitakuja. Kanuni za kufuata mwelekeo hukosea mara nyingi kuliko zinavyopatia. Tuseme kati ya biashara 100 unapoteza 65, kila moja kipimo kimoja cha hatari (ile asilimia 1), na unashinda 35 kwa wastani wa vipimo 3. Umepata 105, umepoteza 65, umebaki na 40 kabla ya makato. Kanuni ni nzuri, lakini ndani ya biashara hizo 100 mfululizo wa hasara nane ni jambo la kutarajiwa. Asiyejua hilo huitupa kanuni kwenye hasara ya sita.

Hatua ya tano: pima kwa bei za nyuma, ukiwa mkweli

Hati uliyobandika inakuletea jedwali la matokeo: idadi ya biashara, faida, mteremko mkubwa kabisa wa akaunti. Usilifurahie bado. Ingia kwenye mipangilio ya hati uweke gharama. Kwa EUR/USD, bei za TradingView huwa na tarakimu tano baada ya nukta, kwa hiyo pipu 1 ni tiki 10. Weka tiki 15 au 20 kwenye sehemu ya kuteleza kwa bei (Slippage). Riba ya usiku haimo kabisa kwenye hesabu hiyo, na Jumatano dalali huitoza mara tatu. Wenye kuepuka riba hufungua akaunti za Kiislamu zisizo nayo. Hata hizo zisome vizuri, maana dalali mwingine huweka ada badala yake.

Kishawishi kinachofuata ni kubadilisha 20 iwe 23, kisha 27, kisha 10 iwe 8, hadi mstari wa faida unyooke. Hapo hujaigundua siri ya soko. Umeikariri historia yake. Nina njia ya kujizuia: nachagua namba kwa kutazama miaka ya zamani tu, tuseme hadi 2015, kisha naipima kuanzia 2016 mara moja. Kanuni nzuri hudhoofika kidogo ukisogeza namba, haifi. Ikiwa 20 inaleta faida na 18 na 22 zote zinaleta hasara, iache.

Baada ya jedwali, tumia kitufe cha Replay. Kinaificha kesho na kukusogezea mshumaa mmoja mmoja. Rudi nyuma miaka kadhaa, songa mbele, na kila ishara iandike mwenyewe kwa mkono: bei ya kuingia, stopu, kiasi, bei ya kutoka. Jedwali linakuambia kanuni imepita hasara nane. Replay inakufanya uzipite wewe. Fanya biashara 50 kwa njia hii. Inachosha, na hakuna sehemu ya mwongozo huu ninayoithamini kuliko hii.

Hatua ya sita: arifa, na dakika kumi za usiku

Kwenye chati tengeneza arifa ya bei kuvuka mstari wa juu, na nyingine ya kushuka chini ya mstari wa kutokea. Pale pa kuchagua inapolia, chagua Once Per Bar Close. Ukiacha chaguo jingine, simu italia katikati ya siku kwa bei iliyochungulia juu ya kilele ikarudi. Arifa zina tarehe ya kuisha, kwa hiyo iweke kwenye kalenda ya simu siku ya kuzihuisha.

Kisha ratiba. Mshumaa ukishafunga, fungua chati. Kuna ishara? Kama ipo, piga hesabu ya kiasi kwenye karatasi, weka oda pamoja na stopu yake kwa wakati mmoja, funga. Kama haipo, funga. Asiyeweza kukesha aweke oda asubuhi baada ya swala au kabla ya kwenda kazini, lakini achague moja na aishike, kwa kuwa bei ya asubuhi na bei ya usiku wa manane si moja.

Stopu nayo ina mipaka yake. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro. Bei ilianguka bila kusimama, stopu za watu zikatekelezwa mbali sana na zilipowekwa, na wengine wakabaki na deni kwa dalali. Hii ndiyo sababu nyingine ya asilimia 1, na ya kutafuta dalali mwenye leseni inayohakikishika. Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inawasajili madalali wa forex mtandaoni chini ya kanuni za 2017. Hakiki jina kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, si kwenye tangazo ulilotumiwa WhatsApp.

Daftari

Kila biashara ipate mstari: tarehe, ishara, kiasi, stopu, matokeo kwa vipimo vya hatari, na picha ya skrini ya chati ya kuingia na ya kutoka. Ongeza safu moja ya ziada: *nimefuata kanuni, ndiyo au hapana*. Jumamosi, wakati soko limefungwa, soma safu hiyo kabla ya safu ya pesa. Hasara yenye “ndiyo” haina cha kurekebishwa. Faida yenye “hapana” ndiyo ya kukaa nayo chini, kwa sababu ndiyo inayofundisha mkono tabia ya kusogeza stopu.

Kwa wanaonunua hisa za Nairobi

Hisa nyingi za soko la Nairobi zinapatikana TradingView, na njia hii inafaa ukibadilisha mambo mawili. Kwanza, tumia chati ya wiki. Makato ya dalali na soko yanaweza kukaribia asilimia 2 unaponunua na tena unapouza, kwa hiyo kanuni inayoingia na kutoka kila mwezi itakuacha mtupu. Soma hati ya makato ya dalali wako na uiweke namba hiyo kwenye mipangilio ya hati. Pili, upande ni wa kununua tu.

Safaricom ni mfano mzuri wa kujifunzia. Iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, mwaka 2021 ikavuka 40, na 2023 ikawa chini ya 15. Tembea nayo kwa Replay, wiki kwa wiki, ukitumia kilele cha wiki 20 na bonde la wiki 10. Utaona kanuni haikutoi kileleni. Inakutoa njiani, ukiwa bado na sehemu kubwa ya kilichopatikana, huku wanaosema “itarudi” wakibaki ndani. Hisa ambazo hukaa siku nzima bila kuuzwa, za Nairobi au za Dar es Salaam, zipite. Kilele cha wiki 20 kilichotengenezwa na mnunuzi mmoja hakisemi chochote.

Kabla ya pesa halisi

Biashara 50 za Replay zikiwa zimeandikwa, fungua akaunti ya majaribio yenye kiasi kilekile utakachoweka kweli, si dola 100,000 ambazo programu inakupa. Kaa nayo miezi mitatu. Jozi moja kwenye chati ya siku hutoa ishara chache, kwa hiyo unaweza kuongeza jozi nyingine mbili au tatu, ukikumbuka kwamba EUR/USD na GBP/USD mara nyingi hutembea pamoja, na kuzinunua zote mbili ni kuhatarisha asilimia 2 kwa wazo moja.

Miezi mitatu ikipita bila “hapana” kwenye ile safu, weka pesa. Usiku wa kwanza huenda hakutakuwa na ishara yoyote. Andika hivyo kwenye daftari: tarehe, EUR/USD, hakuna ishara, nimefunga chati saa sita na dakika kumi.